Watekaji wa Tarakilishi

Ukisikia habari za watekaji, mawazo yako huenda baharini au porini. Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi wa Septemba 2008 meli iitwayo Faina, iliyokuwa safarini kuja Mombasa, ilikamatwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia, nayo haikuachiliwa mpaka Februari 2009, baada ya fidia kulipwa. Jambo hilo lafahamika upesi. Meli ni kitu, mabaharia ni watu, na mwenye bunduki amesimama kati yao. Lakini mimi nataka kukusimulia utekaji wa namna nyingine. Mtekaji wake hashiki bunduki, hamjui mateka wake, wala kitu alichokiteka hakikuondoka mezani pako. Kimekaa palepale mbele ya macho yako, ila huwezi kukisoma. Historia ya utekaji huu haijatimiza miaka hamsini, na mwanzo wake umepita Nairobi.

Mwezi wa Desemba 1989 bahasha yapata 20,000 zilipelekwa kwa posta kutoka London kwa watu wa nchi nyingi. Baadhi ya waliopelekewa walikuwa wasomaji wa gazeti moja la biashara na tarakilishi. Wengine walikuwa wataalamu waliopata kuhudhuria mkutano wa kimataifa juu ya ugonjwa wa UKIMWI. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na diski. Huenda wewe hujapata kuiona diski ya zamani hizo. Ni kipande chembamba cha plastiki, na maandishi yote yaliyoweza kukaa ndani yake hayafiki uzito wa picha moja ipigwayo na simu ya leo. Juu ya diski paliandikwa kwamba ndani mna maarifa juu ya UKIMWI. Miaka ile ugonjwa huo ulikuwa umeitisha dunia nzima, dawa zilikuwa haba, na kila mfanyakazi wa tiba alikuwa na kiu ya habari. Basi watu walizipokea diski hizo kwa shukrani.

Aliyeitia diski ile katika tarakilishi yake hakuona ubaya wowote. Programu ilimwuliza maswali juu ya mwenendo wake, ikamkadiria hatari ya kuambukizwa, ikampa na mashauri. Kumbe chini ya maswali yale palikuwa na kazi nyingine. Programu ilijificha, ikawa yahesabu kila mara tarakilishi iwashwapo. Mara moja, mara kumi, mara hamsini, na mwenyewe hana habari. Hesabu ilipofika 90 hivi, iliyageuza majina ya faili yasisomeke, na kioo kikatangaza kwamba muda wa kukodi programu umekwisha. Mwenye tarakilishi alitakiwa apeleke dola 189 za Marekani, au dola 378 kama alitaka ruhusa ya daima, kwa sanduku la posta katika nchi ya Panama.

Lenye kustaajabisha ni kwamba watu walikuwa wameonywa. Katika bahasha mlikuwa na karatasi ya masharti, na masharti yalisema wazi kwamba asiyelipa ataona programu zake nyingine zikidhurika. Karatasi ilisema kweli! Ni wachache mno walioisoma. Nami sina haki ya kuwacheka, maana sijapata kuyasoma masharti ya programu yoyote mpaka mwisho kabla ya kubonyeza neno la kukubali. Nadhani wewe pia hujapata.

Aliyeshtakiwa kwa jambo hili alikuwa Mmarekani aitwaye Joseph Popp, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Harvard. Popp alikuwa amekaa Kenya akichunguza maisha ya nyani. Habari za siku zile zilieleza kwamba Desemba ileile alikuwa akirudi kwao kutoka semina ya mambo ya afya mjini Nairobi, na mwenendo wake katika uwanja wa ndege wa Amsterdam ukawashtua maofisa. Alikamatwa Marekani mwaka 1990, akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka. Huko alionekana amevaa boksi la kadibodi kichwani, na mambo mengine ya namna hiyo, hata mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba hali ya akili yake haikumruhusu kusimama kizimbani. Alikuwa amesema kwamba fedha zile zilikusudiwa utafiti wa UKIMWI. Basi hakuhukumiwa, na historia imeliacha jambo hilo nusu, kama inavyoacha mengi.

Tuache mtu, tutazame kufuli lake. Programu ile haikuyageuza yaliyomo ndani ya faili. Iligeuza majina tu, mithili ya mtu anayebandua karatasi za majina kutoka kwa chupa zote za duka la dawa. Tena ufunguo wa kurudisha majina ulikuwa umo ndani ya programu yenyewe. Mwingereza mmoja, Jim Bates, aliichambua, akaupata ufunguo, akaandika programu ya kuponya, na watu wakaipewa bure. Waliovuta subira walirudishiwa kila kitu. Lakini si wote waliovuta subira. Iliripotiwa kwamba taasisi moja ya Italia ilishikwa na hofu ikafuta yote yaliyokuwa katika tarakilishi zake, na pamoja nayo ikapoteza kazi ya utafiti ya miaka kumi. Kumbuka jambo hilo, maana nitalirudia: hasara kubwa katika kisa kile haikuletwa na kufuli. Iliietwa na haraka ya aliyefungiwa.

Kwa miaka kadha baadaye wizi wa namna hii ulikuwa dhaifu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya ufunguo. Ya pili ni fedha: mwenye kupokea fidia lazima awe na sanduku la posta au akaunti ya benki, na polisi waweza kusimama karibu na sanduku wakamngoja. Sababu ya kwanza iliondoka mwaka 1996, na ya pili mwaka 2009. Wala walioziondoa hawakukusudia kuwasaidia wezi.

Mwaka 1996 wataalamu wawili, Adam Young na Moti Yung, walieleza mbele ya wenzao jinsi mwizi angeweza kutumia kufuli lenye funguo mbili. Nitakueleza kwa mfano wa sokoni. Makufuli ya vibanda hufungwa bila ufunguo. Walibana tu, likalia ta! Basi fikiri mtu mwovu amegawa makufuli yake wazi kwa vijana mia, akawaambia wakafunge kila kibanda wakionacho. Hata ukimkamata kijana mmoja ukampekua mifuko yote, hutapata ufunguo, kwa kuwa hakupewa. Anao yule mwovu peke yake, nyumbani kwake. Ndivyo ilivyo hesabu hiyo. Ufunguo wa kufungia waweza kuonwa na watu wote, na wa kufungulia haumo katika programu iliyokushambulia. Hata mtaalamu kama Bates angeichambua programu miaka mitatu asiupate. Hesabu ya namna hiyohiyo, msomaji, hutumika pia kulinda habari nyingi zinapopita mtandaoni. Young na Yung waliandika ili watu wajihadhari. Walisomwa, lakini waliojihadhari hawakuwa wengi.

Mwezi wa Januari 2009 ilianza kazi sarafu ya mtandaoni iitwayo Bitcoin, iliyobuniwa na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto. Sarafu hiyo haina benki wala karani wa kumwuliza mpokeaji jina lake. Si kweli kwamba haifuatiki kabisa, maana kila malipo huandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kusoma. Lakini jina halisi la mpokeaji halimo. Sanduku la posta la Panama likawa halina kazi tena.

Mambo hayo mawili yalikutana Septemba 2013 katika programu iliyoitwa CryptoLocker. Ilikuja kwa baruapepe iliyojifanya ya kampuni za kusafirisha vifurushi, pamoja na faili iliyovaa sura ya karatasi ya kawaida. Aliyeifungua aliona kazi zake zote zimesimbwa, na kando yake saa ikihesabu kurudi nyuma: saa 72, kisha 71, kisha 70. Fidia ilikuwa dola 300 au karibu yake. Itazame saa ile, msomaji. Haikuwekwa kwa sababu ya hesabu za ufunguo, bali kwa ajili ya moyo wako. Mtu mwenye siku tatu huuliza, hutafuta, hushauriana na jamaa. Mtu anayeona dakika zikianguka hulipa. Polisi wa nchi kadha waliuvunja mtandao uliosambaza programu hiyo katikati ya mwaka 2014, na funguo zilizopatikana zikatolewa bure kwa waliofungiwa. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na wengine wakaufuata.

Mwaka huohuo wa 2014 utekaji uliingia katika simu. Ilionekana programu moja katika simu za Android iliyosimba picha na maandishi yaliyo katika kadi ya kumbukumbu. Nyingine, iitwayo Koler, haikusimba chochote. Ilifunika kioo kwa tangazo lililojifanya la polisi, likisema kwamba mwenye simu ametazama picha chafu na lazima alipe faini. Wangapi walilipa kwa aibu tu! Tena watu wengi walijiingizia wenyewe programu za namna hii kwa kuzipakua kutoka tovuti za kando badala ya duka rasmi la simu, kisha wakazipa kila ruhusa zilizoomba. Programu ya tochi haina sababu ya kutaka kusoma ujumbe wako. Ikiomba, inyime.

Kisa cha tatu cha mwaka ule ni cha Australia. Mwezi wa Mei watu walishtuka kuona simu na tableti zao za Apple zimefungwa, zikidai dola 100 au pungufu yake. Hapakuwa na programu yoyote iliyoingia ndani. Wezi walikuwa wametumia huduma halali, ile ya kumsaidia mwenye simu kuifunga kwa mbali inapopotea. Kampuni ilisema hazina yake haikuvunjwa, ikawashauri watu wabadili nywila zao. Maana yake ni nyepesi kufahamu. Mtu hutumia nywila moja kwa baruapepe, kwa michezo, kwa duka na kwa simu; duka moja dogo likivunjwa, mwizi amepata ufunguo wa nyumba nzima. Kwa hiyo kila mlango na uwe na nywila yake, ndefu, na pale panaporuhusiwa weka ulinzi wa pili, yaani tarakimu zinazoletwa katika simu yako kabla mtu hajaingia. Tarakimu hizo usimpe mtu. Asiyeweza kuzikumbuka nywila zote aziandike katika daftari, alifiche ndani ya sanduku lake. Wataalamu wengine watanicheka, lakini mwizi aliye ng'ambo ya bahari hawezi kufungua sanduku lako la bati.

Sasa niruhusu nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya mashambani, nami kwa kuwa nilikuwa kijana kuliko wote nilikabidhiwa tarakilishi za shule, kana kwamba ujana ni shahada. Alama za wanafunzi wote zilikuwa katika tarakilishi ya ofisi. Kazi za wanafunzi wa kidato cha nne waliosoma somo la tarakilishi zilikuwa humohumo, kwa kuwa maabara iliunganishwa na ofisi kwa waya. Nami sikuwa mjinga kabisa: nilikuwa nimenunuliwa diski ya nje, na kila jioni tarakilishi ilijinakili humo yenyewe. Karani aliniuliza kama aichomoe diski hiyo baada ya kunakili. Nikamwambia aiache, tusije tukaisahau siku moja.

Alasiri moja ya Ijumaa ilikuja baruapepe yenye ankara ya vifaa vya maabara. Shule ilikuwa kweli ikingoja vifaa vya maabara. Karani, mama mwangalifu ambaye hakuwahi kukosea hata senti moja katika daftari lake, aliifungua ankara, akaona haina maneno, akadhani imeharibika, akaenda zake nyumbani. Jumatatu asubuhi kila faili ilikuwa na jina la herufi zisizo na maana. Katika kila jalada palikuwa na barua ya Kiingereza kibovu ikidai Bitcoin. Nilikimbilia diski ya nje kwa furaha, maana nilijua nimejihadhari. Nayo ilikuwa imefungwa vilevile. Programu ile ilifunga kila kilichounganishwa, na diski ilikuwa imeunganishwa kwa amri yangu mimi.

Mwalimu mkuu alituita walimu wote. Mimi ndiye niliyeshauri tulipe. Nilisema fedha zile si nyingi zikilinganishwa na kazi iliyopotea, na kwa kweli nilikuwa nikitaka kosa langu lifutike kabla halijatazamwa sana. Mzee alinisikiliza, akaniuliza, "Mwalimu, aliyeniibia Ijumaa, nimwamini Jumatatu kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Hatukulipa. Alama tulizipata, maana walimu wazee walikuwa wangali wakiziandika kwa wino katika madaftari yao, tabia niliyokuwa nikiidharau. Tukakaa usiku tatu ukumbini tukizinakili upya, na hapana aliyenilaumu kwa mdomo.

Lakini kazi za kidato cha nne hazikuwa na daftari. Kijana mmoja, ambaye jina lake nalificha, alikuwa amekaa muhula mzima akitunga programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba, nayo ilikuwa kazi ya mtihani wake wa mwisho. Nakala yake ya pekee ilikuwa mle. Aliianza tena katika majuma machache yaliyobaki, akaimaliza, akaitoa. Nilipompongeza alinijibu kwa adabu, "Asante, mwalimu. Ile ya kwanza ilikuwa bora." Nimesikia mengi tangu siku ile, na mengine makali zaidi, lakini neno hilo halijaniondoka.

Mwaka uliofuata dunia nzima ilipata somo hilo. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Tundu hilo lilikuwa likijulikana na shirika la ujasusi la Marekani, lililokuwa limetengeneza silaha ya kulipitia. Na tarehe 14 Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers likaitandaza silaha hiyo hadharani. Ijumaa, tarehe 12 Mei, programu iitwayo WannaCry ilianza kukimbia. Hii haikuhitaji karani afungue ankara. Ilitoka tarakilishi moja ikaingia nyingine kupitia tundu lile, na katika siku chache ilikuwa imefikia tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali zilishindwa kusoma habari za wagonjwa, magari ya wagonjwa yakageuzwa njia, na wakaguzi wa serikali baadaye walikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ilivunjwa. Fahamu hesabu ya siku zile: kiraka kilikuwa tayari tangu Machi. Hospitali zilikuwa na karibu miezi miwili. Simu yako inapokuambia kwamba kuna marekebisho ya kusasisha, nawe ukabonyeza "baadaye" mara tano kwa sababu wataka kuendelea na mchezo, wafanya kama hospitali zile.

Aliyeisimamisha WannaCry alikuwa kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyekuwa katika likizo nyumbani kwao, kusini-magharibi mwa Uingereza. Aliona kwamba programu ile, kabla ya kushambulia, huuliza kwanza anwani moja ndefu ya intaneti isiyo na mwenyewe. Akainunua kwa dola 10 na senti kidogo. Anwani ilipoanza kujibu, programu ikaacha kusambaa. Baadaye kijana huyo alikamatwa Marekani kwa programu haramu alizotunga alipokuwa mdogo, akakiri, na mwaka 2019 hakimu akamwachilia bila kumwongezea kifungo. Sijui kisa kingine ambamo mtu mmoja amesimama pande zote mbili za mlango namna hiyo.

Tarehe 27 Juni 2017 lilikuja lingine, kali kuliko la kwanza. Lilianzia Ukraine, ndani ya marekebisho ya programu ya hesabu za kodi, likaitwa NotPetya. Liliandika barua ya kudai fidia kama mengine, lakini barua ilikuwa ya uongo: hapakuwa na ufunguo wowote wa kutolewa. Aliyelipa alilipa bure. Mzee wetu hakuwa amesoma elimu ya tarakilishi, lakini alikuwa amelijibu swali hilo mwaka mmoja kabla.

Kampuni ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake waweza kuyaona yakipita katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ilipigwa hata ikalazimika kuweka upya tarakilishi 45,000 katika siku kumi. Kilichowatia hofu zaidi ni kitabu chao cha majina, ule mpangilio unaoziambia tarakilishi zote nani ni nani na nani aruhusiwe wapi. Kilikuwa kimehifadhiwa katika mashine nyingi, kila moja ikiwa nakala ya nyingine, na zote zilikuwa zikizungumza saa zote. Kwa hiyo zote zilifutwa pamoja, kama diski yangu ya nje. Zote isipokuwa moja. Katika ofisi yao ya Ghana umeme ulikuwa umepotea kabla ya shambulio, na mashine ya pale ilikuwa imezimika, imekatika kutoka kwa wenzake. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kupeleka habari nyingi kiasi kile, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akaruka mpaka Nigeria na diski mkononi, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaipeleka London. Kampuni kubwa ya meli ikaokolewa na kukatika kwa umeme kwa Afrika ya Magharibi. Sisi tunaolalamika kila taa zinapozimika tuna ruhusa ya kutabasamu kidogo hapo.

Usidhani kwamba Afrika hubaki daima upande wa bahati. Mwezi wa Julai 2019 kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg ilifungiwa mitambo yake, na wakazi wanaonunua umeme kwa tokeni wakashindwa kuununua. Wewe uliyepata kutumwa kununua tokeni saa mbili usiku wajua maana yake. Hapa Kenya sheria ya mwaka 2018 juu ya uhalifu wa mitandao imelifanya jambo hili kuwa kosa, nayo yawataka wenye mitambo watoe habari za shambulio katika muda wa saa 24. Wengi huficha kwa aibu, na aibu yao humpa mwizi nafasi ya kwenda kwa jirani.

Yawezekana siku moja barua ile itatokea katika kioo chako, au cha baba, au cha ofisi utakayoajiriwa. Kwanza chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi na data, ili isiwafikie wengine. Ukiona faili zingali zikigeuka mbele yako, zima mashine. Piga picha ya barua ile kwa simu nyingine. Majina yaliyomo humsaidia mtaalamu kujua ni programu ipi. Usifute chochote: wakumbuke Waitalia wa 1989. Tangu Julai 2016 polisi wa Uholanzi, polisi wa Ulaya na makampuni ya ulinzi wa tarakilishi wameendesha kazi iitwayo No More Ransom, ambayo hutoa bure funguo zilizokwisha kupatikana. Hazifungui kila kufuli. Lakini ufunguo usiokuwapo leo huenda ukapatikana mwakani, na faili iliyofungwa ikihifadhiwa yaweza kungoja. Peleka habari polisi. Mwambie na mwalimu wako, hata kama ni wewe uliyebonyeza.

Mimi sasa nafundisha walimu wanafunzi katika chuo. Kila Ijumaa alasiri nanakili kazi ya juma katika diski mbili. Moja naichomoa papo hapo, naitia katika kopo la biskuti ndani ya kabati. Nyingine naichukua nyumbani. Juu ya kopo pana daftari la alama, limeandikwa kwa wino. Wanafunzi wangu hunicheka kwa lile daftari, kama nilivyowacheka wazee wangu, nami huwaruhusu.